Viashiria vya vinasaba katika saratani ya umio na tumbo: shajara ya mradi, Januari hadi Juni 2025

13 Januari

Kibali cha kamati ya maadili kimetoka, na cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa Tanzania, tayari kiko kwenye faili. Kuanzia leo tunaruhusiwa kufungua makabati ya bloku za nta, zinamohifadhiwa vinyama (vipande vidogo vya uvimbe vilivyokatwa kwa wagonjwa), na kuanza kazi. Shajara hii naiandika kwa ajili ya wenzetu wa maabara nyingine za Afrika Mashariki wanaofikiria kazi ya namna hii, waione njia tunayopita pamoja na vikwazo vyake.

Swali la mradi ni hili: katika viashiria vyote vya vinasaba vinavyotajwa kwenye majarida kuhusu saratani ya umio na tumbo, ni vipi vinaweza kupimwa hapa hapa, na majibu yake yakabadilisha kitu kwa mgonjwa aliye wodini? Kiashiria kisichobadilisha lolote kwa mgonjwa hatutakigharamia, hata kiwe na sifa gani.

Kwa msomaji asiyetoka ukanda huu: saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni janga letu. Kuna ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ambako ugonjwa huu uko juu sana. Aina inayotawala huku ni ya seli bapa. Marekani na Uingereza wanahangaika zaidi na aina ya seli za tezi, ile inayohusiana na kiungulia cha miaka mingi na unene. Haya ni magonjwa mawili yanayokaa nyumba moja, na vipimo vingi vinavyosifiwa vilibuniwa kwa ajili ya lile la pili.

Mwaka 2022 dunia nzima ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani ya umio wapatao 511,000, na vifo vipatavyo 445,000. Ukiziweka namba hizo mbili pamoja unaelewa kila kitu kuhusu kuchelewa. Mgonjwa wetu anakuja pale ugali umeshindwa kupita, ameshahamia kwenye mtori na uji, na wengine hata mate hayashuki. Kule Bomet, Kenya, hospitali ya Tenwek imeandika kwa miaka mingi kuhusu wagonjwa wa umri wa chini ya miaka 30. Vijana hao ndio wanaonifanya niamke mapema.

27 Januari

Kikao cha kupanga orodha ya jeni. Kilikuwa kirefu na kilikuwa na joto, na nafurahi hivyo.

Upande mmoja ulitaka paneli kubwa ya makumi ya jeni. Hoja yao ina nguvu. Mwaka 2017 mradi wa TCGA wa Marekani, unaosoma DNA za saratani mbalimbali, ulichapisha uchambuzi wa uvimbe 164 wa umio na kuonyesha kwamba aina ya seli bapa inafanana zaidi na saratani za kichwa na shingo, wakati aina ya seli za tezi inafanana na kundi moja la saratani za tumbo. Kwenye seli bapa, jeni ya TP53, inayozuia seli zilizoharibika zisizaliane, imeharibika karibu kwa kila mgonjwa; CCND1, SOX2 na TP63 zimeongezeka nakala; NFE2L2, KMT2D na ZNF750 nazo zinajitokeza. Mwaka uliotangulia, watafiti wa Lilongwe, Malawi, walisoma uvimbe 59 wa wagonjwa wa huko na kupata picha inayokaribiana na hiyo. Kwa hiyo, walisema wenzangu, tupime zote, tuone zetu zikoje.

Upande wa pili, nami nikiwemo, tulileta kazi iliyochapishwa mwaka 2021: jenomu (DNA nzima) 552 za saratani hii ya seli bapa kutoka nchi nane, zikiwemo Kenya, Tanzania na Malawi, pamoja na Iran, China, Japani, Brazili na Uingereza. Lengo lake lilikuwa kutafuta alama ambayo sumu fulani ya mazingira huiacha ndani ya DNA, ili ijulikane kwa nini maeneo mengine yanaumia kuliko mengine. Tumbaku, pombe na kasumba vilionekana, ila kwa kiasi kidogo. Alama moja ya nje inayoweza kueleza tofauti ya nchi na nchi haikupatikana. Kilichojitokeza karibu kwa kila mgonjwa ni kazi ya vimeng'enya vya APOBEC, vimeng'enya vya mwili wenyewe vinavyobadili herufi C za DNA.

Kwangu, maana yake ni kwamba kazi kubwa ya kuorodhesha jeni zilizoharibika imeshafanywa, na wagonjwa wetu wamo ndani yake. Kuirudia kwa kiwango kidogo hapa kungekula bajeti yote. Chai ya moto kupita kiasi (vinywaji vya juu ya nyuzi 65 viliwekwa mwaka 2016 na IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani) inaweza kuunguza umio kwa miaka bila kuacha alama yake kwenye DNA. Hilo haliisamehi chai. Linatuambia tu kwamba siyo kila chanzo kitaonekana kwa kusoma herufi.

Tumekubaliana: orodha fupi, na kila jina litetewe kwa swali la 13 Januari.

10 Februari

Jeni ya NOTCH1 imeondolewa kwenye orodha yetu. Naeleza kwa nini, kwa sababu wanafunzi wawili wameniuliza.

NOTCH1 huonekana kwenye orodha za jeni za saratani ya umio, na mtu anaweza kudhani kuikuta imeharibika kwenye seli za mtu ni dalili ya hatari. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walichukua umio wa watu tisa wasio na saratani yoyote ya umio, wakaukata vipande vidogo vidogo na kusoma DNA ya kila kipande. Kwa watu wa makamo na wazee, seli zenye NOTCH1 iliyobadilika zilikuwa asilimia 12 hadi 80 ya seli za umio. Na mabadiliko hayo yalikuwa mengi mara kadhaa kwenye umio usio na saratani kuliko kwenye saratani yenyewe. Umio wa mtu mwenye afya ni kitambaa cha viraka, na kadiri anavyozeeka viraka vinaongezeka.

TP53 nayo ilikuwepo, kwa asilimia 2 hadi 37 ya seli. Hapa ndipo hatari ya kipimo chetu ilipo. Ukichukua seli za mtu wa miaka 65, ukatumia mashine nyeti kupita kiasi, utakuta TP53 iliyobadilika na utamwambia ana saratani inayokuja, wakati pengine hatakufa nayo. Ndiyo maana kwa uchunguzi wa mapema tumeamua kuangalia seli kwa darubini kwanza, na protini ya p53, inayotengenezwa na jeni ya TP53, ikawa shahidi wa pili.

24 Februari

Bloku za zamani. Tumetoa DNA kutoka kundi la kwanza la bloku na matokeo yanasikitisha. Tulipima kwa PCR, njia ya kuzidisha nakala za DNA, kwa vipande vya urefu wa jozi 100, 200, 300 na 400 za herufi. Bloku za miaka ya karibuni zinafika 200, chache 300. Bloku nyingi za zamani hazifiki hata 100.

Mzee wetu wa patholojia, ambaye ameshika wembe wa kukatia nta tangu sisi tuko shule ya msingi, alitazama picha ya jeli inayoonyesha urefu wa vipande vya DNA, akasema, "Nyie mnatafuta ugonjwa kwenye mashine. Nendeni kwenye ndoo ya formalini."

Tulikwenda. Formalini ndiyo dawa ya kuhifadhia kinyama baada ya kukatwa. Ikichanganywa na maji peke yake, taratibu inageuka tindikali, na tindikali inakatakata DNA. Inayotakiwa ni formalini ya asilimia 10 iliyotulizwa. Kwa lita moja: mililita 100 za formaldehaidi ya dukani, mililita 900 za maji yaliyosafishwa, gramu 4 za sodiamu dihaidrojeni fosfeti yenye molekuli moja ya maji, na gramu 6.5 za disodiamu haidrojeni fosfeti isiyo na maji. Chumvi hizo mbili ni za bei ya chini kuliko karibu kila kitu kingine kwenye bajeti yetu. Kinyama kiingie humo ndani ya saa moja tangu kikatwe, kikae kati ya saa 6 na 72. Vinyama vinavyotoka hospitali za mbali vinasafiri kwa basi, vikifika Ijumaa jioni vinasubiri Jumatatu, na muda huo wote formalini inaendelea kufanya kazi yake.

Kuna jambo la pili ambalo limenikosesha usingizi kidogo. Formalini huondoa kikundi cha amino kwenye C, ikawa U, na mashine ikaisoma kama T. APOBEC nayo hufanya hivyo hivyo: inageuza C kuwa U, hasa pale inapotanguliwa na T. Yaani uharibifu wa ndoo yetu unaweza kuvaa sura ya ugonjwa wa mgonjwa. Njia ya kujikinga ni kutibu DNA kwa kimeng'enya kinachoondoa U kabla ya PCR, kurudia kila sampuli mara mbili kwa kujitegemea, na kutoamini badiliko la C kwenda T lililoonekana kwenye rudio moja tu.

Mwezi huu hakuna jeni itakayosomwa. Tunachanganya formalini mpya, tunabandika lebo zenye tarehe na saa, na tunazungusha karatasi ya maelekezo kwenye vyumba vya endoskopia. Sista mkuu wa endoskopia amelichukua jambo hili kama lake. Tayari amedai saa ya ukutani iwekwe mbele ya meza ya sampuli.

17 Machi

Vinyama vipya vya kwanza vilivyohifadhiwa kwa utaratibu mpya vimefika jozi 400 bila shida. Nimebandika picha ya jeli ukutani.

Utaratibu wa TP53 uko hivi sasa: mwanapatholojia anazungushia kalamu sehemu yenye saratani kwenye slaidi, tunakwangua sehemu hiyo tu, tunasoma eksoni (sehemu za jeni) 5 hadi 8 ambako mabadiliko mengi hukaa. Kuzungushia huko kuna sababu. Usomaji wa kawaida wa DNA, uitwao Sanger, hauoni badiliko lililo chini ya takriban asilimia 15 hadi 20 ya DNA yote. Kinyama kilichojaa seli za kawaida na chembechembe za uchochezi kitakupa jibu la "hakuna" lililo uongo.

7 Aprili

Uchunguzi wa mapema. Hii ndiyo sehemu ninayoiamini zaidi kwa miaka kumi ijayo.

Kipimo kinachojulikana kufanya kazi kwa seli bapa ni kunyunyizia madini joto, yaani myeyusho wa Lugol, wakati wa endoskopia, yaani kuangalia umio kwa mpira wenye kamera. Seli zenye afya zina glaikojeni, zinageuka kahawia. Seli zilizoanza kuharibika zimeishiwa glaikojeni, zinabaki bila rangi. Bomet walikifanya kwa wakazi wasio na dalili yoyote na wakachapisha mwaka 2016: takriban mtu mmoja kati ya saba alikuwa na seli zilizoanza kubadilika. Mmoja kati ya saba, na hao ni watu waliokuwa wanalima, wanafundisha, wanauza sokoni.

Lakini endoskopia ya kijiji kizima haiwezekani kwetu. Ndipo sponji inapokuja. Mtu anameza kidonge chenye uzi, ganda linayeyuka tumboni ndani ya dakika chache, sponji inafunguka, inavutwa juu ikikusanya seli za umio wote. Uingereza wanaitumia kwa kutafuta badiliko la Barrett, ambapo seli bapa za umio hugeuka kuwa za tezi, wakipima protini ya TFF3. Kwetu TFF3 haina kazi, maana inatambua seli za tezi. Tunachohitaji ni kuangalia seli bapa zilizoharibika na kupaka rangi inayoonyesha p53. Golestan, Iran, ambako ugonjwa ni kama wetu, walishajaribu sponji pamoja na p53. Na kaskazini mwa Tanzania kwenyewe, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba sponji inawezekana kutumika kwenye jamii, nje ya hospitali kubwa.

Tumeanza na kupaka p53 kwenye slaidi za saratani tunazozijua, ili macho yazoee. Wanafunzi wanajifunza kwamba kuna njia mbili za kuwa na kasoro: seli zote kung'aa kahawia nzito, au zote kuwa tupu kabisa huku seli za kawaida za pembeni zikionyesha rangi kidogo. Ile ya pili ndiyo inayokimbia macho. Slaidi tupu inaonekana kama upakaji ulioshindikana.

28 Aprili

Upande wa tiba. Daktari bingwa wa saratani alikuja na swali moja kwa kila kiashiria: "Jibu likiwa chanya, dawa ninayo?"

HER2, protini inayochochea seli kukua: kwa saratani ya tumbo na ya pale umio unapoungana na tumbo, aina ya seli za tezi. Jaribio la ToGA la mwaka 2010 lilionyesha kwamba kuongeza trastuzumabu, dawa inayoizuia HER2, kwenye tibakemia kulisogeza muda wa kati wa kuishi kutoka miezi 11.1 hadi 13.8. Dawa hiyo tayari inajulikana nchini kwa sababu ya saratani ya matiti. HER2 imebaki, lakini haitapimwa kwa seli bapa. Vinyama viwe 6 hadi 8, kwa kuwa HER2 tumboni iko huku na haiko kule ndani ya uvimbe uleule. Alama ya 2+, yaani ya katikati isiyo wazi, haitatolewa kama jibu. Itasubiri kipimo cha kuhesabu nakala za jeni.

Protini nne za ukarabati wa DNA, MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6: tumeziweka kwa saratani za tumbo. Zikipotea zinatuambia pia kuhusu ukoo, na hilo lina thamani hata dawa isipokuwepo.

PD-L1, protini inayosaidia saratani kukwepa kinga ya mwili: tuliijadili kwa muda mrefu. Majaribio ya KEYNOTE-590 ya mwaka 2021 na CheckMate 648 ya mwaka 2022 yamethibitisha kwamba tiba ya kinga inawasaidia wagonjwa wa seli bapa, hasa wenye PD-L1 ya kutosha, na Septemba 2024 kamati ya washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haikuunga mkono matumizi yake kwa wenye PD-L1 chini ya 1. Sayansi yake ni nzuri na ni ya ugonjwa wetu hasa. Bei yake ndiyo ukuta. Kumpima mtu, kumwambia dawa inayomfaa ipo duniani, kisha kumwonyesha ankara ambayo ukoo mzima ukiuza mashamba hautaifikia, sikubali tufanye hivyo kama huduma ya kawaida. Tutahifadhi slaidi tupu kwa kila mgonjwa ili siku bei ikishuka au jaribio likifunguliwa, tupime siku hiyo hiyo. Daktari bingwa hakubaliani nami kikamilifu. Anasema takwimu za PD-L1 ndizo zitakazotumika kudai bei ishuke. Ana hoja. Tutapima kundi moja bila majina, kwa ajili ya takwimu.

12 Mei

Kijana wa mgonjwa mmoja alinisubiri mlangoni. "Shikamoo daktari. Hiyo jeni ya baba mliyoikuta, na sisi wanawe tunayo?"

Swali hili lazima liwe na jibu kwenye fomu ya ridhaa, siyo koridoni. TP53 tunayoikuta kwenye uvimbe, kwa wengi mno, imeharibika ndani ya umio wa mgonjwa mwenyewe wakati wa uhai wake. Haimo kwenye damu ya urithi. Zipo familia chache duniani zenye ugonjwa wa kurithi unaofanya viganja na nyayo kuwa nene sana pamoja na saratani ya umio, kutokana na jeni ya RHBDF2. Na kwa tumbo ipo CDH1, iliyogunduliwa mwaka 1998 kwenye ukoo wa Wamaori wa New Zealand. Nilimjibu hivyo kwa ufupi, nikamweleza pia kwamba ndugu wanaokula chakula kimoja, wanaokunywa chai moja na kuvuta moshi wa jiko moja wanaweza kuugua pamoja bila kurithi jeni hiyo. Yeye mwenyewe anameza vizuri, hana dalili. Nimemwandikia jina la kliniki ya kurudi iwapo chakula kitaanza kukwama.

Fomu imeandikwa upya kwa Kiswahili cha nyumbani. Muuguzi mmoja na mama mmoja mkulima wameisoma kwa sauti mbele yetu kabla haijarudi kwa kamati.

2 Juni

DPYD. Sikutarajia kwamba jina hili lingepanda juu ya yote.

Wagonjwa wetu wengi wanaopata tibakemia wanapata 5-FU au kapesitabini. Kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo mwilini kinatoka kwenye jeni ya DPYD. Mwenye jeni dhaifu anapewa dozi ya kawaida, mwili wake hauwezi kuiondoa, na ndani ya mzunguko wa kwanza anapata vidonda vya mdomo, kuhara kusikokoma, chembe nyeupe kushuka. Wapo wanaofariki kwa dawa kabla ya saratani. Mwaka 2020 shirika la dawa la Ulaya lilipendekeza kupima kabla ya kuanza.

Tatizo: paneli ya kawaida ya Ulaya ina mabadiliko manne, na yamechaguliwa kwa Wazungu. Badiliko la c.557A>G, linaloitwa pia Y186C, hupatikana kwa watu wenye asili ya Afrika na karibu halipo Ulaya. Ukinunua seti ya vipimo ya dukani ukampima mgonjwa wa Rombo, Kilimanjaro, utamwambia "uko salama" bila kuangalia mahali penyewe.

Kipimo chake kinahitaji damu kidogo na mashine ya PCR iliyobaki tangu wakati wa UVIKO-19. Hakihitaji kinyama, wala formalini, wala kusubiri patholojia. Jibu linaweza kutoka kabla ya dripu ya kwanza, na likiwa chanya kwa nakala moja daktari anaanza na nusu dozi. Dawa ipo, mgonjwa yupo, uamuzi upo. Kwenye kikao cha leo hakuna aliyepinga: DPYD, ikiwa na c.557A>G ndani yake, inakwenda mbele ya foleni.

23 Juni

Mambo mafupi. Kamati imepitisha fomu mpya. Umeme ulikatika usiku wa Alhamisi, jenereta ikawaka, friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri haikupanda. Maabara ya mkoa jirani imeomba maelekezo ya formalini. Tumewatumia pamoja na karatasi ya lebo. Mkataba wa kuhamisha sampuli tumeuacha kwa sasa: kwa orodha tuliyonayo, hakuna sampuli inayohitaji kuvuka mpaka.

30 Juni

Hali ya orodha mwisho wa nusu mwaka: DPYD inaanza robo ijayo kwa kila mgonjwa anayepangiwa 5-FU au kapesitabini. HER2 na protini nne zinaendelea kwa saratani za tumbo. TP53 kwenye vinyama vipya tu. Bloku za zamani zinabaki kwa mafunzo ya darubini. Ombi la sponji na p53 kwa jamii linaandikwa upya, likiwa na mpango wa endoskopia ya Lugol kwa kila atakayeonekana na kasoro, kwa kuwa kumpima mtu bila kuwa na kitanda cha kumpeleka ni kumwonea.

Tunachokosa ni DNA ya udhibiti yenye c.557A>G, ili tujue kipimo chetu kinaiona. Tunapekua data ya wazi ya 1000 Genomes, mradi wa kusoma DNA za watu wa mataifa mbalimbali, ambao una sampuli za Waluhya wa Webuye, Kenya, kutafuta mbebaji ambaye DNA yake inaweza kuagizwa. Sambamba na hilo tumeomba bei ya kipande cha DNA cha kutengenezwa. Maabara yoyote ya ukanda huu ambayo tayari ina udhibiti huo, tutashukuru kupata hata maikrolita chache. Gharama ya kusafirisha ni yetu.